Kimondo Kinasema Sifuri

Kitu cha kwanza alichofanya Kathure Ijumaa ile, kabla hata hajamsalimia mtu vizuri, ni kufunga kufuli. Kufuli lake mwenyewe, jekundu, kubwa kama ngumi. Alilitia kwenye swichi kuu ya mashine ya Kimondo, akalibana, akalivuta mara mbili kuhakikisha, halafu ufunguo akautumbukiza mfukoni mwa suruali.

"Madam, umekuja na kufuli lako?" Sheldon alicheka. "Huku Texas hatuibi umeme."

"Nilikuwa nesi wa ICU kabla sijaingia kazi ya bima. Unajua nimepokea watu wangapi walioumia kwa sababu mtu alisema 'nimeshazima'?"

Sheldon alikuwa kijana wa Eldoret aliyepanda vyeo haraka mpaka akawa meneja wa mitambo pale Starhollow Park, bustani ya michezo ya Grand Prairie. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Na kwenye mikono yote miwili, juu ya pindo la shati, amevaa bangili za plastiki za zambarau, zile wanazovalishwa wageni getini.

"Na hizo je?" Kathure akazionyesha kwa kidevu. "Bangili huku na huku. Unaolewa lini?"

"Ah, mazoea tu. Natest mitambo nazo." Akashusha mikono. "Twende, kuna joto."

Kweli kulikuwa na joto la kuchemsha lami, lakini walipoingia ndani ya Kimondo, Kathure alisikia baridi mgongoni. Watu wa Dallas nzima walikuwa wanakiulizia Kimondo. Magari yake hayana reli. Yanajiendesha yenyewe gizani, yanakwepana, yanazunguka, halafu yanakuangusha ghorofa sita huku nyota zinakupita masikioni. Kabla hakijafungwa, wageni walikuwa wanashika nafasi ya foleni kwa simu tangu asubuhi. Lakini sasa taa za kawaida zilikuwa zimewashwa, na ukikiona Kimondo kwenye mwanga hakina nyota hata moja. Ni ghala jeusi lenye harufu ya mpira ulioungua, na kwenye ukingo wa shimo, gari moja dogo limeinama kama mtu anayechungulia kisima.

Hapo ndipo Mutuku alipotupwa Jumapili iliyopita.

Mutuku alikuwa mpiga kinanda wa kanisa moja la Wakenya, mtu wa kiti cha magurudumu tangu ajali ya barabarani. Kimondo kilisimama katikati, kama kawaida yake. Spika zikatangaza: fungueni mikanda, tokeni kwa miguu. Watu wakatoka. Mutuku akafungua mkanda wake, akangoja wa kumbeba. Badala ya wa kumbeba, gari likaondoka naye, likamrusha shimoni. Mpaka leo mashine ilikuwa inampumulia.

"Skrini ilisema sifuri," alisema Sheldon. Walikuwa wamefika kwenye jukwaa la kupandia na kuvuka mstari wa njano. "Unaona macho yale darini? Yanasoma chipu iliyo ndani ya bangili ya kila aliyevuka mstari wa njano. Yanajua nani yuko gari gani, nani ametoka. Kwa mashine hii, bangili ndiyo mtu. Skrini ikisoma sifuri, fundi anachukua tochi, anatembea njia nzima, ndipo awashe. Elibariki, fundi wa zamu ile, hakutembea. Aliwasha tu. Human error. Andika hivyo, ripoti iingie leo jioni, kesho tunafungua."

"Yeye anasema wewe ulimwambia kwa redio awashe."

"Anasema." Sheldon akaigonga redio iliyoning'inia kiunoni. "Hizi hazirekodi, madam. Ni neno lake na neno langu."

Kathure alitazama skrini ya jukwaani. Kufuli lake lilikuwa limezima injini tu. Macho na skrini vilikuwa na umeme wao. Skrini iliandika: 2.

Sisi wawili, akawaza. Basi macho yanaona. Yakiona leo, mbona Jumapili yasione mwanaume mzima?

"Labda bangili ilimdondoka," akasema Sheldon, kama amemsikia.

"Polisi walipekua gari lote. Na hospitali nimeuliza. Aliletwa mkono mtupu."

"Basi aliitupa. Watu hutupa." Akatazama saa. "Jioni, eh?"

Elibariki alikuwa anaishi Euless, kwenye fleti ambazo ndege zinapita juu karibu zipangue vigae. Kila ndege ikipita, mnanyamaza, mnatazamana, mnaendelea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa chini, usinisimamie kama askari."

Alikaa ukingoni mwa kochi. Kijana wa Moshi, fundi aliyesomea chuoni, na kwa siku tano alikuwa hajanyoa. Alijua vizuri kilichokuwa mezani. Mwendesha mashtaka alikuwa anasubiri karatasi moja tu, ripoti ya Kathure. Ikiandikwa kosa ni la fundi, Elibariki anavishwa pingu, na Kimondo kinafunguliwa.

"Ulitembea njia au hukutembea?"

"Sikutembea, dada."

Kathure alikuwa amejiandaa kwa uongo. Akalazimika kugeuza swali. "Kwa nini?"

"Tulikuwa tunatembea zamani. Mpaka Pasaka. Baada ya Pasaka mashine ikaanza kugoma mara nne, mara tano kwa siku. Ukitembea kila mara, nusu saa inaisha, watu huko nje wanafoka, foleni ya kwenye simu inajifuta. Bosi akasema, skrini inatosha. Jumapili nilimwuliza kwa redio, 'Nitembee?' Akasema, 'Sifuri ni sifuri, washa.'"

Ndege ikapita. Wakangoja.

"Jumamosi uliyagusa yale macho ya darini," akasema Kathure. "Siku moja kabla. Jina lako liko kwenye kazi hiyo."

"Niliyafuta vumbi."

"Ukayaharibu?"

"Hapana!" Aliinuka, akakaa tena. "Niliyapima yote, dada. Yalisoma. Mimi sielewi. Hayo macho ni mazima, na Mutuku alikuwemo. Nimekesha nawaza, sielewi."

Kathure alimwamini. Tena leo asubuhi skrini yenyewe ilikuwa imesoma 2. Macho hayakuharibiwa. Njia hiyo imefungwa, akauambia moyo wake, rudi nyuma.

"Kaa karibu na simu," akamwambia mlangoni. "Nikikuita, uje mbio."

Mama Everline alimpokea na nguo za kazi bado mwilini. Alikuwa ametoka shifti ya usiku, na macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa usingizi peke yake.

"Karibu mwanangu. Chai iko, chapati ziko. Usiniambie umekula."

"Nimekula, mum."

"Nimesema usiniambie."

Kwa hiyo Kathure alikula. Mama Everline ndiye aliyeongoza safari ya kanisa, ndiye aliyemsukuma Mutuku mpaka mlango wa viti vya magurudumu, ndiye aliyekizungusha kile kiti kitupu mpaka mlango wa kutokea kumngoja.

"Watoto walikuwa wafupi, walikatazwa. Mutuku akaniambia, 'Mum, leo mimi ndiye mrefu.'" Akacheka. "Ule mlango wetu una lifti, lakini kila siku inagoma. Msichana wa zamu akatufungulia kwa ufunguo, tukambeba tukamweka. Yeye peke yake garini. Nikaenda kule nje na kiti. Nikaona watu wanatoka, wanatoka. Nikauliza, wangu je? Wakaniambia ngoja, analetwa. Nikangoja. Kisha nikasikia kishindo."

Akainuka kutafuta leso, akauvuta mkoba wake mezani. Mkoba wa kina mama wa kanisa, ule unaoweza kubeba mtoto na blanketi. Alitoa Biblia, chaja, pakiti ya biskuti, na kitu fulani kikadondoka mezani na mlio mkavu.

Ilikuwa pini kubwa ya nepi. Imetungwa bangili za zambarau kama samaki kwenye uzi.

Kathure aliacha kutafuna. "Hizi ni za nani, mum?"

"Si zetu? Wewe unazijua safari zetu. Ukimwachia mtoto bangili yenye pesa ndani, saa moja haiishi amenunua ice cream ya darasa zima. Na ikipotea wanakutoza. Kwa hiyo getini nakusanya zote, nakaa nazo. Kama pasipoti tu airport. Mtoto akitaka kupanda kitu, namvalisha, akishuka namvua."

"Na watu wazima?"

"Hata watu wazima. Mimi ndiye mama wa safari."

Kathure akazigeuza moja moja. Kila bangili ilikuwa na jina. Ya nne iliandikwa Mutuku.

"Hukumvalisha."

"Nimvalishe ya nini? Mlango umefunguliwa kwa ufunguo, hakuna aliyeuliza bangili. Kile kisomeo chao cha bangili pale mlangoni kimekufa." Akamtazama Kathure, na sauti ikashuka. "Kwani ni nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

"Mkoba ulikuwa wapi, mum, ulipokuwa unamngoja?"

"Nilikuwa nimeutundika kwenye kiti chake. Pale nje."

Hapo Kathure aliona yote kwa mara moja. Macho ya darini hayakukosea. Yaliitafuta bangili ya Mutuku ndani, yakaikosa, kwa sababu ilikuwa mlango wa kutokea, imetulia juani kwenye kiti chake mwenyewe. Mashine ikaamini mtu huyu ameshatoka. Na garini, gizani, akabaki mtu ambaye hakuwahi kuingia.

Alimweleza taratibu, mkono wake juu ya mkono wa yule mama. Mama Everline aliitazama ile pini kama anayetazama nyoka.

"Mimi nimemuua."

"Hajafa. Na wewe hukuwasha chochote. Hakuna aliyekuambia kwamba bangili ndiyo mtu. Swali langu ni nani alijua."

Lakini Mama Everline alikuwa ameshashika simu, vidole vinakosea namba. "Bibiche. Bibiche wa Houston! Kesho wanakuja, basi zima kutoka Sharpstown, na wana wazee wawili wa kiti cha magurudumu. Juzi ameniuliza namna ya kupanga safari. Unajua nilimwambia nini?" Aliishika simu kifuani. "Nilimwambia, cha kwanza dada, kusanya bangili zote uzitie mkobani."

Saa kumi jioni Kathure alikuwa kwenye mlango wa viti vya magurudumu, anakitazama kisomeo. Kilikuwa kimebandikwa karatasi ya "tunatengeneza" iliyopigwa na jua mpaka maandishi yakawa rangi ya chai ya maziwa.

"Hii karatasi ni ya lini, Truphosa?"

Truphosa, msichana wa Kisii aliyekuwa zamu mlango huo, alipandisha mabega. "Ya Pasaka, auntie. Kiliharibika Pasaka, tukapewa ufunguo. Nilisema mara ngapi! Wanasema, kesho kesho. Kila kitu huku ni kesho, isipokuwa shifti yangu."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuingia hapa bila bangili."

"Hata bila jina, auntie. Mimi nafungua tu."

"Na Sheldon anajua?"

"Bi Harusi?" Truphosa akafunika mdomo. "Sorry. Tunamwita hivyo, juu ya zile bangili."

"Alianza lini kuzivaa?"

"Hiyo hiyo Pasaka! Aliingia huku ndani peke yake kuangalia kwa nini lifti imegoma. Akatoka koti limepasuka hapa begani, uso ni majivu. Tukamwuliza, boss, uko sawa? Hakujibu. Kesho yake akaja na bangili mkono huu, bangili mkono huu. Mpaka leo hajawahi kuingia ndani bila hizo. Tunamcheka sana."

Kathure hakucheka. Alikuwa anajitazama mkono wake mwenyewe. Asubuhi getini walikuwa wamempa stika ya karatasi ya mgeni wa ofisi, bado iko kifuani. Bangili hakupewa. Basi ile 2 ya asubuhi...

Akapiga simu Euless. "Njoo mbio," akasema. "Kwenye mlango wa lifti. Kaa na Truphosa, karibu na redio yake." Kisha akamgeukia msichana. "Nina redio yenu moja hapa, tuziweke zote mbili chaneli ambayo boss hasikilizi. Usiongee chochote kwenye yako. Sikiliza tu."

Sheldon alimkuta amekaa ndani ya gari la Mutuku, lile lililoinama shimoni, mkono mmoja umelala kando ya paja. Taa zilikuwa zimepunguzwa. Kutoka huko chini kulikuwa kunapanda hewa baridi, kama pumzi.

Alisimama jukwaani, nje ya mstari wa njano. "Madam, vipi tena? Ripoti?"

"Karibu imeisha. Nisaidie kitu kimoja. Njoo uketi hapa kando yangu."

"Nikae nifanye nini?"

"Nataka kuona Mutuku alichoona. Injini imezimwa. Kufuli ni langu, ufunguo huu hapa." Akautoa, akaurusha. Sheldon akaudaka. "Sasa unao wewe. Hakuna binadamu anayeweza kukisogeza Kimondo isipokuwa wewe. Ni salama kuliko kanisani."

Sheldon alivuta pumzi, akacheka, akainua mguu.

"Ila vua bangili kwanza," akasema Kathure.

Mguu ukabaki hewani. Ukarudi chini.

"Za nini kuvua?"

"Za nini kuvaa? Umeshika ufunguo. Vua, uje."

Mahali fulani darini jicho moja likawaka kijani, likazimika. Sheldon alikuwa amekishika kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayezuia damu.

"Asubuhi tuliingia wawili," alisema Kathure polepole, "skrini ikaandika mbili, nikaridhika. Nikasema, macho ni mazima. Lakini mimi sina bangili, Sheldon. Zile mbili zote zilikuwa zako. Moja ya kukuokoa, ya pili iwapo ya kwanza itakukataa. Mtu anayeiamini skrini havai hivyo."

"Wewe huelewi."

"Nieleweshe. Pasaka."

"Niliingia kwa mlango wa lifti," akasema, na sauti haikuwa tena ya meneja. "Kwa ufunguo. Nikainama nyuma ya gari, naangalia waya. Vijana huko nje wakaona sifuri, wakawasha. Lilinikamata koti. Koti tu." Akajishika begani. "Niliambia wakubwa. Wakaniuliza, kisomeo kipya kinakuja lini? Nikasema miezi mitatu. Wakasema, tukifunga miezi mitatu, msimu umekwisha, na wewe umekwisha. Nikawaza, ni mlango mmoja. Ni watu wachache."

"Ni watu wa viti vya magurudumu."

"Ni watu wachache!" Mwangwi ukazunguka ghalani, ukawarudia.

"Ukajua mashine haimwoni mtu asiye na bangili. Ukajivalisha mbili. Wengine hukuwaambia hata neno. Na kutembea na tochi, kitu pekee ambacho kingewaokoa, ukakifuta."

"Ilikuwa inasimama mara tano kwa siku, madam. Ungefanya nini?"

"Jumapili Elibariki alikuuliza nini kwa redio?"

Sheldon aliitazama redio kiunoni mwake, kama mtu anayetafuta faraja ya mwisho. Hazirekodi. "Aliniuliza atembee," akasema. "Nikamwambia awashe. Lakini huna pa kulipeleka neno hilo. Ni mimi na wewe tu humu."

Kathure aliinua ule mkono uliokuwa umelala kando ya paja. Ndani yake kulikuwa na redio, na kidole gumba chake kilikuwa kimekandamiza kitufe muda wote, mpaka ukucha ukawa mweupe. Akakiachilia.

Redio ile ya mkononi mwake ikakwaruza.

"Nimesikia, dada." Ilikuwa sauti ya Elibariki, imepasuka. "Niko na Truphosa, na zamu yote ya mlangoni. Tumesikia sote."

Sheldon hakukimbia. Alibaki pale pale nje ya mstari wa njano, ufunguo mkononi, bangili mikononi, na hata sasa hakuthubutu kuuvuka. Kathure alitoa simu akampigia mkubwa wake wa bima. "Ripoti ni hii," akasema. "Fundi aliamriwa. Meneja alijua tangu Pasaka. Kesho hakifunguliwi, na basi la Houston ligeuzwe." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, mimi bado niko ndani ya gari."

Kisha akageuza shingo kutazama skrini ya jukwaani. Alikuwa amekaa pale karibu nusu saa, anaongea, anapumua, kilo zake zote kitini, chini ya macho yote ya darini.

Skrini iliandika: 0.